Fungu Namba 318

Mimi ndiye niliyeandika: krona mia sita.
Kwa penseli, Jumanne, Bergen ikinyeshewa kama kawaida yake,
chai ikipoa kando ya lenzi.
Bahasha moja, rangi ya maziwa yaliyolala,
kona imeng'atwa na panya au na miaka,
stempu nyekundu ya kawaida, zipo kwa maelfu,
muhuri wa Skarvøya, unasomeka.
Ndani hamna barua.
Nikaongeza: hali ya wastani,
maneno tunayoyatumia sisi watu wa mnada
tusipotaka kusema uongo wala ukweli.

Skarvøya ni mwamba tu.
Heringi walipita hapo msimu mmoja,
wakafuatwa na mapipa, chumvi, wanawake wenye visu,
na posta ya mbao yenye karani mmoja mwenye kikohozi.
Siku arobaini na moja.
Kisha heringi wakabadili nia, mbao zikawa kuni.
Hayo niliyajua. Niliyatia bei:
mia kwa stempu, mia tano kwa mwamba.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.
Hawakuwahi kuketi katika ukumbi huu,
ambamo kidonda cha zamani ndicho kinyemi.

Jumamosi Sigvart, dalali wetu, akataja 318
kwa sauti ya mtu mwenye njaa;
baada ya 320 kulikuwa na mapumziko na mkate.
Mia sita. Mkono.
Mia nane. Simu.
Elfu mbili. Mkono. Elfu tano. Simu.
Mkate ukasahaulika.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
na mnunuzi mmoja hapandishi bei.
Ukiona kitu kinapaa, usikikodolee macho chenyewe.
Mtafute wa pili.

Mkono ulikuwa wa Eilif Tveitane, daktari wa meno mstaafu,
mwenye albamu ya mihuri yote ya pwani ile,
ukurasa wa sitini na tisa mtupu.
Miaka ishirini na miwili anaupapasa
kama ulimi unavyopapasa pengo,
yeye aliyewazibia watu mapengo maisha yake yote.

Simu niliishika mimi.
Upande wa pili, Tromsø, Torbjørg Haukås.
Mihuri haijui. Ameona picha kwenye orodha yetu:
jina la bibi yake, Bi Gudveig,
kwa mwandiko wa kijana wa mapipa
aliyekufa maji kabla ya ndoa, kabla ya mtoto.
"Hatuna kingine alichokiandika," akasema. "Hata sahihi."

Elfu kumi na nane. Mkono.
"Endelea."
Elfu thelathini. Nikamsikia akifunga mlango
ili mumewe asisikie tarakimu.
Daktari alidhani anapigana na albamu nyingine.
Torbjørg akaninong'oneza:
"Huyo anayeshindana nami, ni ndugu yetu?"
Sikuruhusiwa kujibu.

Elfu arobaini na saba.
Kimya kwenye waya. Kimya kirefu cha kaskazini.
Nyundo.

"Kabla hujakata," akasema,
"hiyo G ameianzaje?"
Bahasha ilikuwa bado mezani pangu.
Nikainama na lenzi.
Ameianza juu, nikamwambia, kwa kitanzi,
halafu mkia unateremka, unarudi chini ya jina zima,
kama mtu anayetandika turubai kitu kisilowe.
Na wino?
Umekolea hapo. Alikandamiza.
Akashusha pumzi. "Alikandamiza," akarudia,
kama anayehesabu chenji. Kisha akakata.

Jumatatu mkubwa wangu akataka maelezo:
vipi makisio yakosee mara sabini na nane?
Nikajaza fomu: uhaba, ushindani.
Mambo ya kweli, kweli ya hali ya wastani.

Mezani fungu jipya lilikuwa linanisubiri,
kadi ya rangi ya chai kutoka kituo cha reli kisichokuwepo tena.
Safari hii niligeuza nyuma kwanza.
Nikatazama sana herufi za mtu nisiyemjua.
Nikaandika: krona mia nne.
Penseli sikuikandamiza.